Kufunga kirefusho cha madigadi ya mbele ya pikipiki: mwongozo kamili

Ukirudi kutoka safari ya mvua, usikimbilie ndoo. Chuchumaa kwanza ubavuni mwa gurudumu la mbele uangalie tope limekaa wapi. Kwenye pikipiki nyingi za barabarani utaona mpaka unaosomeka vizuri kabisa: juu yake injini ina matone mawili matatu, chini yake kila kitu kimepakwa. Rejeta kama ipo, mapezi ya silinda, bomba la eksozi pale linapotoka kwenye injini, chujio la oili likiwa limefungwa kwa mbele, honi, vyote vimeoga. Mpaka huo umechorwa na ukingo wa chini wa madigadi. Ukiushusha ukingo, mpaka nao unashuka, na kirefusho hakina kazi nyingine zaidi ya hiyo.

Ingekuwa ni uchafu tu, sabuni ingetosha. Lakini tope lililokaukia kati ya mapezi ya injini inayopozwa kwa hewa linaivika injini blanketi, na injini iliyovaa blanketi huchemka. Kwenye rejeta, kokoto hukunja mapezi membamba ya alumini, na siku ya bahati mbaya moja hutoboa kabisa maji yakamwagika. Rejeta mpya na kipande cha plastiki cha milimita 3 havilingani bei popote duniani.

Kirefusho chenyewe ni bamba la plastiki ngumu lililopinda kufuata umbo la madigadi, linalofungwa kwenye ncha yake ya nyuma, ya chini. Kukifunga hakuhitaji ufundi mkubwa. Kinahitaji subira mahali pawili: kwenye kupima urefu, na kwenye kusubiri gundi ikauke.

Kwanza hakikisha pikipiki yako inakihitaji

Angalia madigadi imefungwa wapi. Ikiwa imeshikwa na sehemu za chini za shokapu za mbele, karibu na ekseli, inapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Nafasi kati yake na tairi haibadiliki hata ukiingia shimoni, kwa hiyo kirefusho kinafaa. Pikipiki za kupanda milima na kuruka mashimo huwa na madigadi ndefu iliyofungwa juu kabisa, chini ya taa, na gurudumu hupanda kuifuata kila shokapu zinapozama. Hiyo iache. Kirefusho juu yake hakitakinga injini, na kikiwekwa vibaya tairi litakigonga. Mwongozo huu unahusu madigadi ya chini.

Kamba itakuambia urefu

Watu wengi hununua kirefusho kwa macho: kinapendeza, kinafungwa. Mimi huanza na kamba.

Gurudumu linapokwenda mbele, upande wake wa nyuma unapanda juu. Tone la maji au kokoto likiachia kwenye tairi halifuati tena mduara. Linaruka kwa mstari ulionyooka kutoka pale lilipoachia. Linaloachia karibu na ardhi linaruka chinichini kuelekea nyuma. Linaloachia juu zaidi linarushwa juu zaidi. Madigadi inazuia yale ya juu tu, na yale yanayopenya chini ya ukingo wake ndiyo yanayoipiga injini.

Simamisha pikipiki wima, kwenye stendi ya kati au mtu akiishika. Chukua kamba nyembamba. Ncha moja ibanwe kwenye uso wa tairi, upande wa nyuma, chini ya madigadi. Ivute kuelekea kwenye injini ikiwa imenyooka, iguse tairi bila kukunjika na ipite ikigusa ukingo wa chini wa madigadi. Huenda ukalazimika kupandisha au kushusha kidogo ile ncha ya kwanza hadi kamba iguse vyote viwili kwa pamoja. Pale kamba inapokutana na injini ndipo penye mpaka. Linganisha na tope uliloliona, vitakaribiana sana. Havitalingana kabisa, kwa sababu kamba haina habari za upepo, na ukikata kona gurudumu hurusha vitu pembeni.

Sasa kata kipande cha boksi gumu, kibandike kwa tepu kwenye ncha ya madigadi kana kwamba ndicho kirefusho, urudie kamba. Refusha na kufupisha boksi mpaka mpaka ushuke chini ya kile unachotaka kukikinga. Huo ndio urefu wako.

Ukitaka kuona kwa nini naing'ang'ania kamba, chukua mfano wa gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 pamoja na tairi, madigadi ikiwa umbali wa sentimita 2.5 kutoka kwenye tairi, na mbele ya injini pakiwa sentimita 45 nyuma ya ekseli. Tuseme ukingo wa madigadi uko sentimita 24 kutoka ardhini. Mpaka wa tope unaangukia karibu sentimita 14 juu ya usawa wa ekseli, yaani katikati ya rejeta au ya silinda. Ongeza kirefusho cha sentimita 8.5. Mpaka unashuka kwa sentimita 14 hivi, hadi usawa wa ekseli, na ukingo mpya uko sentimita 16 kutoka ardhini. Ongeza 8.5 nyingine: safari hii mpaka unashuka kwa sentimita 11 tu, lakini ukingo umebaki sentimita 9 juu ya ardhi.

Tisa ni chache mno. Kila ukishuka ukingo wa barabara, kila jiwe la njiani, kila ngazi ya kuingilia uani itakuwa inakitafuta kirefusho chako. Mimi sishuki chini ya sentimita 15, na kwa anayepita njia mbovu kila siku ningesema 18. Kumbuka pia kwamba kwa kuwa madigadi hii inakwenda na gurudumu, umbali wake kutoka ardhini haubadiliki ukipakia mzigo. Unachopima ukiwa umesimama ndicho utakachokuwa nacho barabarani.

Kununua au kutengeneza

Kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako hasa ndicho rahisi kuliko vyote: kimeshapindwa, kona zake zimeshalainishwa. Hata hivyo kipime na boksi lako kabla ya kulipa, maana vingine vimerefushwa kwa ajili ya sura.

Ukitengeneza mwenyewe, bamba la ABS, aina ya plastiki ngumu, la milimita 3 ndilo linaloshikika vizuri. Linakatwa kwa msumeno wa meno madogo, linalainika kwa hewa ya moto na kubaki na umbo ukilishikilia mpaka lipoe. Ubavu wa jerikeni nene nao unafaa, kwani tayari una mpindo, ila ujue tangu mwanzo kwamba plastiki ya jerikeni haishiki gundi. Itabidi ifungwe kwa bolti tu.

Mpira laini, kama wa tyubu ya tairi, usiutumie. Upepo huukunja kuelekea kwenye tairi, na tairi upande ule linapanda juu, kwa hiyo likiunasa linaumeza kuingia ndani ya madigadi. Mpira mgumu wa milimita 4 au 5 kama ule wa nyuma ya malori unaweza kutumika ukiwa mfupi, wenye bamba la kuushikilia kwa juu. Kwangu plastiki ngumu inashinda.

Kwa yeyote anayekata mwenyewe: kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ndipo ufa unapoanzia, na kona kali iliyo karibu na ardhi inanasa kila kitu.

Upana nao una kikomo chake. Kirefusho kisipite upana wa madigadi kwa zaidi ya sentimita moja kila upande. Ukikitanua kama feni utakuwa unaizuia hewa inayoipoza injini ile ile unayotaka kuikinga.

Gundi, bolti, au vyote

Mjadala huu hauishi kwa mafundi, na nadhani ni kwa sababu kila mmoja amefanya kazi na madigadi ya plastiki tofauti.

Geuza madigadi uangalie upande wa ndani. Kwenye plastiki nyingi kuna herufi ndogo zilizochapwa kati ya alama mbili kama mishale: ABS, PP, na kadhalika. ABS inapokea gundi vizuri. PP, yaani polipropilini, ni ndugu ya jerikeni: gundi za kawaida hukaa juu yake kama maji juu ya jani la gimbi, na siku moja utakibandua kirefusho kwa vidole viwili. Kwa PP tumia bolti. Kwa chuma vyote viwili vinafaa, lakini kila tundu lipakwe rangi ndani kabla ya kufunga, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Gundi ina faida moja kubwa: hutoboi chochote. Anayetaka kuirudisha pikipiki ilivyokuwa siku ya kuiuza atapenda hilo. Gundi inayofaa ni ile inayobaki kama mpira baada ya kukauka, ya poliurethani au silikoni nzuri, kwa sababu madigadi inatikisika muda wote. Gundi kavu za matone, zile zinazoshika kwa sekunde, zinakatika kwa mtikisiko kama biskuti. Silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye madigadi ya chuma. Asidi inayoitoa inapokauka hula chuma. Tepu nene ya sponji yenye gundi pande mbili, ile ya kubandikia nembo za magari, ni nzuri kwa kushikilia kirefusho mahali pake wakati gundi inakauka, na kwa kirefusho kifupi chepesi inaweza kutosha peke yake.

Bolti huonekana, lakini huwezi kuamka asubuhi ukute kirefusho kimeachwa barabarani. Ninachofanya mimi kwenye ABS ni vyote viwili: gundi kwenye eneo lote la kukutania, na bolti 2 karibu na kona. Gundi inabeba mtikisiko, bolti zinasubiri siku gundi itakapochoka. Ribiti za alumini zinaweza kuchukua nafasi ya bolti mradi uweke washa nyuma yake. Bila washa ribiti inapasua plastiki inapovutwa.

Sasa la ndani au la nje? Ukikipandisha kirefusho ndani ya madigadi, tope linalopandishwa na tairi linateleza kutoka kwenye kirefusho kwenda kwenye madigadi bila kukuta kizuizi. Ukikipandisha kwa nje, tope linakuta mdomo wa madigadi ya zamani na kujishindilia kwenye ungio. Kwa hiyo ndani ni bora, ikiwa nafasi ya tairi inaruhusu. Kirefusho cha milimita 3 pamoja na kichwa cha bolti vinakula karibu milimita 6. Ikiwa kati ya tairi na madigadi kuna chini ya milimita 20, funga kwa nje na ujaze ungio kwa gundi. Kilichonunuliwa kimeshaamua upande wake kwa mpindo wake, kifuate.

Vya kuandaa

Spana na alenki zinazoingia kwenye bolti za madigadi yako. Drili yenye biti za milimita 3 na 5.5. Bolti 2 au 3 za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, zenye kichwa bapa cha mviringo, urefu wa milimita 16, zisizoshika kutu, pamoja na nati zenye nailoni ndani na washa pana za kipenyo cha milimita 15 hadi 20. Msasa namba 180 au 240, tupa ndogo, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kalamu ya maka, futikamba, spiriti, vitambaa safi, gundi, kipande cha mbao, sabuni na brashi. Na lile boksi lako.

Thina na petroli viweke mbali na kazi hii. Thina inayeyusha ABS, na petroli inaweza kuipasua nyufa ndogondogo usizoziona siku hiyo. Dawa ya kuzuia nati zisilegee, ile ya maji inayotiwa kwenye nyuzi za bolti, nayo huipasua ABS ikidondokea juu yake. Ndiyo maana nimetaka nati zenye nailoni.

Hatua ya 1: Ng'oa madigadi

Unaweza kufunga kirefusho madigadi ikiwa mahali pake, na watakuambia ndiyo haraka. Niliwahi kufanya hivyo. Biti ilipopenya plastiki haikusimama. Iliendelea mpaka kwenye tairi, na kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili. Ing'oe.

Kwa kawaida inashikwa na bolti 4, mbili kila upande wa shokapu. Kabla ya kuzilegeza piga picha kwa simu upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu mpira wa breki na waya ya spidi mara nyingi vimepitishwa kwenye vishikio vya bolti hizo hizo, na ukirudisha utataka kuona vilivyokuwa. Kwenye baadhi ya pikipiki ndani ya tundu la plastiki kuna kijibomba kifupi cha chuma kinachozuia bolti isiibane plastiki kupita kiasi. Vikidondoka, viokote vyote.

Mara nyingine madigadi haipiti kati ya shokapu mpaka gurudumu litoke, au kalipa ya breki, ile inayobana diski, iondolewe kwanza. Ukiondoa kalipa, usiiache ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye fremu. Na usiguse kabisa mkono wa breki ya mbele mpaka kalipa irudi kwenye diski, maana pistoni zitatoka na hutazirudisha kwa vidole.

Hatua ya 2: Osha, kisha osha tena

Ndani ya madigadi kuna tope la miaka. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, kausha kabisa. Kama umekuwa ukipaka dawa za kung'arisha plastiki, rudia sabuni mara mbili zaidi. Mafuta yake ni adui wa gundi.

Hatua ya 3: Weka alama

Tafuta mstari wa katikati wa madigadi kwa kupima upana sehemu mbili tofauti na kugawa kwa mbili. Uweke alama kwenye tepu ya karatasi. Fanya vivyo hivyo kwenye kirefusho. Kutegemea jicho hapa kutakusumbua baadaye, maana madigadi nyingi zina vijikunjo visivyolingana pande zote, na kirefusho kilichokaa kombo huonekana kila mtu akiitazama pikipiki kwa mbele.

Kirefusho kilalie juu ya madigadi, au ndani yake, kwa sentimita 3 hadi 4. Chini ya hapo mtikisiko utakishinda. Ukikishikilia mahali pake kiangalie kwa ubavuni: ndani yake kifuate mduara wa tairi au kiachane nalo kidogo kadiri kinavyoshuka. Kisilisogelee kamwe. Nafasi inayobanana kuelekea chini hukusanya udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ukishindiliwa wa kutosha hulifunga gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele likifungwa ukiwa mwendoni, unaanguka.

Ikiwa mpindo haulingani, pasha moto sehemu ya juu ya kirefusho polepole kwa hewa ya moto, ukizungusha bila kutulia mahali pamoja, mpaka kilegee kidogo. Kibane juu ya madigadi kwa kitambaa na ushikilie mpaka kipoe. Usikilazimishe kwa bolti. Plastiki iliyofungwa huku ikivutana itapasukia kwenye tundu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa boksi kabla ya kutoboa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Rudisha madigadi kwa bolti 2 tu, ukiwa na lile boksi lililokatwa kwa ukubwa kamili wa kirefusho. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Boksi lisiguse rejeta, eksozi, wala plastiki za pembeni.

Kisha fikiria shokapu zikizama. Shokapu za mbele hazijasimama wima. Zimelala kuelekea nyuma kwa juu. Zikiwa zimelala kwa nyuzi 25 na zikazama sentimita 12, gurudumu linapanda karibu sentimita 11 na kurudi nyuma karibu sentimita 5. Kirefusho kinakwenda nalo, na eksozi haisogei. Kwa hiyo ukisimama na kuona sentimita 6 kati ya boksi na bomba, kwenye shimo kubwa zitabaki kama moja, na bomba pale linapotoka kwenye injini lina joto la nyuzi mia kadhaa. ABS inaanza kulegea karibu na nyuzi 100.

Tafuta kwenye kitabu cha pikipiki shokapu zako zinazama kiasi gani, upige hesabu hiyo ukikumbuka gurudumu linapanda pia, kwa hiyo pima kutoka kwenye boksi kwenda nyuma na juu. Ninataka sentimita 4 zibaki mbele ya bomba la eksozi shokapu zikiwa zimezama zote. Mbele ya rejeta, 2 zinatosha. Zisipopatikana, fupisha au upunguze upana mahali panapokaribia bomba. Heri kirefusho kifupi.

Jaribu pia kufikiria siku ya pancha. Gurudumu litatokaje? Kama kirefusho kitalizuia, ni vizuri ujue sasa.

Hatua ya 5: Toboa

Ng'oa tena madigadi. Weka alama za matundu sentimita 1.2 au zaidi kutoka kwenye ukingo wowote, moja karibu na kila kona ya juu ya kirefusho, na la tatu katikati ikiwa ni kipana. Funika kwa tepu ya karatasi ili biti isiteleze na rangi isikwanyuke. Weka mbao nyuma.

Toboa kwa biti ya milimita 3 kwanza, drili ikienda polepole. Ikikimbia plastiki inayeyuka na kushika biti. Kisha panua kwa 5.5. Ile nusu milimita ya ziada ni ya makusudi, maana plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto.

Usitoboe matundu yote kwa mpigo. Toboa la kwanza kupitia vipande vyote viwili, tia bolti bila kukaza, linganisha tena mistari ya katikati, ndipo utoboe la pili. Kosa la milimita 2 kwenye tundu la pili linarekebishika. Matundu matatu yaliyotobolewa kwa pamoja mahali pasipo hayarekebishiki.

Lainisha kingo za matundu kwa tupa au kwa kuzungusha biti kubwa zaidi kwa vidole. Vijiufa vidogo vilivyoachwa hapo ndivyo vinavyokua.

Hatua ya 6: Gundi

Zungushia tepu ya karatasi nje ya eneo la kukutania, pande zote. Sugua ndani yake kwa msasa mpaka mng'ao uishe, kwenye madigadi na kwenye kirefusho. Futa vumbi, kisha futa kwa spiriti, uache ikauke. Kuanzia hapo usiguse kwa vidole.

Paka gundi kwa mstari unaozunguka eneo lote, na mwingine katikati, matundu yakiwa ndani ya mstari. Bana vipande mpaka gundi ijitokeze kidogo kwenye kingo, lakini usiikamue yote: utando wa milimita 1 hadi 2 ndio unaotakiwa, kwa sababu ndio unaonyumbuka. Iliyojitokeza isawazishe kwa kidole kilicholowekwa maji ya sabuni ili ungio uzibe, kisha bandua tepu gundi ikiwa bado mbichi.

Hatua ya 7: Bolti

Kichwa cha bolti kikae upande wa tairi, nati upande wa nje. Kinyume chake, ncha ya bolti itakuwa inalielekea tairi, na tairi hunenepa kidogo kwenye mwendo kasi. Washa pana pande zote mbili. Kaza mpaka washa iguse plastiki bila kuzama, ongeza robo mzunguko, acha. Ukiona plastiki inabonyea, umepitiliza.

Sasa subiri. Gundi za poliurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kuingia ndani, kwa kiasi cha milimita 3 hivi kwa siku. Acha saa 24, na kwenye baridi au ukavu mkali acha 48. Kifundo cha mkanda au tepu kikishikilie kirefusho kisijivute.

Hatua ya 8: Rudisha na ujaribu

Fuata picha zako: mpira wa breki na waya ya spidi vipite vilipokuwa. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kidogokidogo kwa kupokezana ili madigadi isikae kombo. Za M6 hazihitaji nguvu nyingi, Nm (newtonmita) 8 hadi 10 zinatosha kama kitabu hakisemi vingine.

Kama kalipa ilitoka, pampu breki mpaka iwe ngumu kabla ya kusogeza pikipiki hata hatua moja.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, usikilize. Kusiwe na mkwaruzo. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, mpira wa breki usivutwe. Kisha bandika kidonge cha udongo laini wa kuchezea watoto kwenye sehemu ya kirefusho iliyo karibu zaidi na injini, kiwe na unene wa sentimita 1. Endesha polepole kwenye barabara yenye matuta, injini ikiwa bado haijapata moto sana, ukifunga breki ya mbele kwa nguvu mara kadhaa mahali salama. Rudi ukiangalie kile kidonge. Kikiwa kama ulivyokiweka, una nafasi. Kikiwa kimebonyea au kimepotea, punguza kirefusho leo, kwa msumeno na msasa, usisubiri eksozi ikipunguze yenyewe.

Baada ya kilomita 100 hivi angalia tena bolti zote, za kirefusho na za madigadi. Kirefusho kimeongeza uzito kidogo kwenye ncha ya madigadi, na bolti zilizokuwa zimetulia miaka yote zinaweza kuanza kulegea.

Baada ya hapo

Tope ulilolizuia halijapotea, limekaa ndani ya kirefusho. Unapoosha, elekeza maji kutoka chini kwenda juu, kati ya tairi na plastiki, mpaka yatoke safi. Kwenye udongo wa mfinyanzi usisubiri kufika nyumbani: simama, chokoa kwa kijiti. Udongo ukiwa mkavu unakuwa tofali, na tofali hilo linalisugua tairi.

Kila unapoosha pitisha kidole kuzunguka vichwa vya bolti. Ukikuta ufa mfupi, toboa kijitundu cha milimita 3 pale unapoishia. Ufa hauendelei kirahisi ukikutana na duara. Ufa ukifika ukingoni, badilisha kirefusho.

Na ukibadilisha tairi la mbele kwa lenye upana au kimo zaidi ya la zamani, au lenye meno marefu ya njia za tope, pima upya nafasi ya ndani kabla hujakaza ekseli. Vichwa vya bolti ndivyo vitakavyoguswa kwanza.